Picha Isiyo na Kishimo

Chumba cha 9, Ghorofa ya Tatu,
Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Karakana ya Vioo.

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea huku huku, maana najua utaitikia kabla Kinyozi hajamaliza kulisoma neno lenyewe. U hali gani? Mgongo je? Na hayo magoti yanayojua mvua kabla ya redio? Na macho? Macho nimeyaweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yaliyoniandikisha barua hii, na nikianza nayo sitafika mbali.

Mimi mzima wa mwili. Nakula, naenda kazini, narudi. Ya moyo nitayasema humu humu, usiwe na haraka.

Kwanza neno moja kwa msomaji wetu. Binamu yangu Kinyozi, najua umeifungua barua hii dukani na kuna mteja kitini ambaye kichwa chake kimenyolewa nusu. Mmalizie kwanza. Kisha nenda kaketi karibu na cherehani ya mama yako, usome polepole, usiruke na usitie chumvi. Kuna mahali nimekusema. Pasome vile vile.

Shangazi, chumba changu ni kile kile. Kitanda, meza, kamba ya nguo, na dirisha linalotazama ukuta wa karakana ya vioo. Mchana kutwa nasikia vioo vikikatwa, na siku nisipovisikia najua ni Jumapili. Jirani wa chumba cha nane namjua kwa kikohozi, sijawahi kumjua kwa sura. Nina sahani mbili. Ya pili niliitafuta nilipofika tu, nikasema mgeni asije akanikuta na sahani moja, na hadi mwezi uliopita bado ilikuwa na karatasi ya dukani mgongoni.

Kazi bado naifanya kwa yule mzee mpiga picha. Studio yetu ni chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele kuna kiti cha kuzunguka, kitambaa cheupe ukutani na taa mbili. Upande wa nyuma kuna kompyuta yangu, mashine ya kuchapia, na kibanda cha kubadilishia nguo chenye makoti na tai za kuazima wateja. Mimi ndiye ninayewakalisha watu. Nawanyoosha kola, nawaambia wameze mate watulie, kisha nawainua kidevu kwa vidole viwili mpaka mzee aseme basi. Baadaye nakwenda nyuma kuwasafisha.

Kusafisha ni neno letu la kazi. Maana yake ni kuipitisha picha kwenye kompyuta na kufuta chunusi, madoa, mikunjo na weusi wa chini ya macho, mtu atoke ameng'aa kuliko alivyoingia. Wateja wanaipenda sana kazi hiyo. Picha za pasipoti tu ndizo zisizoguswa. Mzee anasema pasipoti ni ushahidi, na ushahidi haupakwi poda.

Kwa siku nashika videvu ishirini, wakati mwingine thelathini. Changu hakuna aliyekigusa tangu asubuhi ile uliyokishika pale kituo cha basi ukanipaka mafuta mara ya pili, ingawa nilikuwa nimeshapaka nyumbani. Watu wa basi walikuwa wanatutazama na mimi nikaona haya. Nilikuambia Shangazi inatosha. Nalikumbuka neno hilo kila ninapomshika mteja.

Sasa niseme lililonifanya niwe kimya.

Ulikuwa ukitukataza kucheza kando ya mto ukituambia chunusi, yule jini wa majini, atatuvuta chini. Basi huku niliko hakuna hata mfereji, lakini chunusi wamenipata nchi kavu, tena kundi zima. Walianza mwezi wa sita tangu nifike. Mmoja kwenye paji la uso, nikamdharau. Wiki iliyofuata wakawa saba, na mwezi haujaisha wameshuka mashavuni na kidevuni, wekundu, wenye usaha, wengine wagumu kama punje ya choroko chini ya ngozi. Sijui kama ni maji ya huku, au joto la zile taa mbili, au mawazo. Labda yote.

Nilikwenda duka la dawa la hapo kona. Dada anayeuza alinitazama kupitia kidirisha akakata kauli palepale: mafuta marufuku. Ya aina yoyote, ya kopo au ya chupa, usoni yasifike. Akanipa sabuni ya kukausha. Nami nikajikaza kisabuni kwa maana zote mbili. Nikawa naosha uso mara nne kwa siku, asubuhi, mchana, nikitoka kazini na kabla ya kulala, na sikupaka kitu.

Hapo nilikuwa navunja sheria yako, na nilijua. Kwako hatoki mtu mlangoni amepauka. Tungeweza kuwa tumechelewa shule, tungeweza kuwa na kiatu kimoja, lakini ukimwona mtu shavu limefanya weupe kama ubao uliofutwa chaki, ulimrudisha ndani. Rudi ukapake mafuta, watu watasema huna wenyewe. Miaka yote ile nilidhani ni maneno ya kutuharakisha tu.

Uso ulikauka, Shangazi. Ukakaza kiasi kwamba nikicheka unauma, ingawa sikuwa na cha kuchekea sana. Ngozi ya pua ilibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Na chunusi hawakuondoka. Walikaa katikati ya ukavu ule wameshiba, sijui wanakula nini.

Ndipo siku moja ya Jumapili nikaishusha ile chupa yako. Unaikumbuka? Mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe, ukaifunga chupa kwa mifuko mitatu na uzi wa cherehani, fundo juu ya fundo, kana kwamba umeagizwa na serikali. Nilikuwa sijaifungua tangu nifike. Nilikata uzi kwa mkasi wa studio, na nilipofungua kifuniko nyumba yote ikatoka humo. Nilikaa sakafuni nikinusa kwa muda ambao sitautaja, Kinyozi asije akanicheka.

Nikapaka kama ulivyokuwa unatupaka wewe. Nikamimina kiganjani, nikasugua viganja mpaka vipate moto, nikapaka uso mzima mpaka masikioni. Kishimo changu cha shavuni nikakipa tone lake peke yake, kwa kidole cha mwisho, na nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, kishimo kinywe kwanza, wengine baadaye. Nilipaka hivyo asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza nilijiona mtu.

Wiki ya pili uso ulivimba. Chunusi walitoka hata mahali ambapo hawakuwahi kukanyaga, mpaka nyuma ya taya. Mteja mmoja aliinua kidevu chake mwenyewe kabla sijamgusa. Najua kwa nini.

Sasa nimeshaelezwa sababu yake, na nitakueleza. Lakini wakati ule sikufikiria mambo ya ngozi. Niliona kwamba nyumbani kumenikataa. Nilisema basi, nimekaa mbali mpaka hata mafuta ya Shangazi hayanitambui. Nikaifunga chupa kwa mfuko mmoja nikaisukuma chini ya kitanda.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kusema kwamba kamera ya simu yangu imeharibika. Nililisema hilo kwa uso mkavu, na ulikuwa mkavu kweli. Kinyozi aliniandikia, dada, unashinda na makamera kutwa nzima, ya kwako imekufa na hakuna wa kuizika? Nilicheka, kisha nikaigeuza simu kifudifudi. Ukawa unaniambia nikutumie sauti tu. Nikawa natuma. Siku moja ulijibu kwamba sauti yangu imekonda, na nikakaa wiki mbili bila kutuma tena.

Juni mwaka huu Kinyozi akapiga kunieleza habari ya macho. Kwamba la kulia halitarudi, na la kushoto watalipasua tarehe kumi na tisa Septemba, na kwamba daktari hakuahidi kitu. Akasema umeomba jambo moja tu. Kwenye simu huoni ila mwanga unaotembea, kwa hiyo unataka picha yangu, kubwa, uso mzima, uitazame kwa hilo jicho moja kabla hawajalishika. Uliniomba mara tatu. Mara zote tatu niliitikia sawa Shangazi, sawa Shangazi, na sikutuma.

Mara ya nne ulinyamaza. Hapo nikaogopa.

Nikajipiga picha mwenyewe mchana mmoja, mzee akiwa nyuma ya pazia anakula. Niliifungua kwenye kompyuta nikautazama uso wangu ukiwa mkubwa kuliko sinia, na sikuweza kukuletea uso ule. Nilisema nitatoa zile nyekundu tu za paji la uso. Nikazitoa. Nikashuka mashavuni. Mkono umeshazoea, Shangazi, hauulizi. Nilisafisha mpaka kidevu, nikachapa kwenye karatasi nzuri ya kung'aa, nikaipeleka posta nikiwa nimefurahi kabisa. Nilijiambia atafurahi, ataniona nimenawiri.

Kinyozi alinisimulia mambo yalivyokwenda. Alisema uliipeleka picha mlangoni, kisha dirishani, ukaisogeza mpaka ikagusa pua. Ukaipitishia kidole. Ukasema binti ni mzuri, mzuri kweli, ila ni wa nani? Akakuambia ni Kishimo. Ukamjibu kwamba Kishimo ana kishimo, na huyu hana, basi arudishwe kwa wenyewe wanamtafuta. Ukarudi kwenye cherehani yako.

Kinyozi alikuwa anacheka akinisimulia. Alidhani ni macho yamekuchezea. Kinyozi, hapa soma mara mbili, tafadhali. Macho yake hayakukosea. Mimi ndiye niliyekosea.

Nilikwenda kuifungua ile picha kwenye kompyuta, na kweli. Shavu la kushoto lilikuwa laini kama yai. Mashine yetu haijui kishimo cha tetekuwanga na chunusi ya jana ni vitu viwili. Inaona kivuli, inaondoa kivuli. Lakini mimi najua. Nilikuwa na miaka sita, mama alikuwa amefariki hata arobaini haijapita, nawashwa mwili mzima, na wewe umenivisha soksi mikononi nisijikune. Nikaivua moja kwa meno. Nilijikuna mara moja tu na shimo likabaki, na badala ya kunipiga ukacheka, ukanipa jina. Jina zima lilikuwa hapo shavuni na mimi nimelifuta bila hata kuona.

Nilijifungia kwenye kibanda cha kubadilishia nguo, katikati ya makoti ya watu, nikalia. Mzee alikohoa nje ya pazia mara mbili, akaenda akawasha feni iliyo na kelele ili wateja wasisikie. Sijamshukuru mpaka leo kwa feni ile.

Kilichofuata ni kidogo, Shangazi, lakini kwangu ni kikubwa. Kwenye nyumba yetu kuna mama anayesafisha ngazi. Mimi namwita Mama Ngazi. Kwa miaka miwili maneno yetu yamekuwa matatu: habari, nzuri, pita huku pakavu. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nashuka, akainua kichwa ameshika fagio la maji, akanitazama sawasawa.

"Mwanangu, mbona umepauka hivyo? Kwenu hawapaki mafuta?"

Nilikaa palepale kwenye ngazi, kwenye maji. Miaka miwili na miezi mitatu, Shangazi. Watu wameniambia nipishe, wameniambia nisaini hapa, wameniambia foleni inaanzia kule. Hakuna aliyewahi kuniambia nimepauka. Machozi yalinitoka kama bomba, na yule mama akadhani amenitukana. Akaanza kuomba radhi, maskini, hakuwa na nia mbaya, ni mdomo wake tu. Nikamwomba arudie. Akasema arudie nini? Nikamwambia arudie kwamba nimepauka.

Nadhani aliniona nimechanganyikiwa. Lakini aliligeuza beseni lake, akakaa, akafuta mikono kwenye kanga kiunoni, akanishika kidevu. Akanigeuza kwenye mwanga hivi, na hivi, kama ninavyowafanya wateja. Mkono wake ulikuwa unanuka sabuni ya sakafu. Nilitamani asiuondoe.

Binti yake naye alipitia hayo hayo, kumbe. Akanielekeza kwa daktari wa ngozi anayekuja kliniki ya nyuma ya soko kila Jumanne. Nilimwambia nitakwenda. Akaniangalia, akaona kabisa kwamba siendi, na Jumanne nikamkuta getini amevaa viatu vya kutokea.

Daktari ni mwanamke mnene, mpole, anaongea akiandika. Aliniuliza nimepaka nini na nini. Nilipofika kwenye mafuta yako nilianza kukutetea kana kwamba tuko mahakamani: kwamba unayapika mwenyewe, kwamba huchanganyi na kitu, kwamba yametulea sote. Akacheka, akaweka kalamu chini. Akasema mafuta ya Shangazi hayana kosa, na Shangazi hana kosa. Nalirudia hapa ili ulisikie kwa sauti ya Kinyozi. Hayana kosa, na huna kosa.

Kama nilivyomwelewa, ni kwamba mafuta tunayaita yote mafuta, lakini si ndugu. Kuna mazito yanayokaa juu ya ngozi na kuziba vitundu vyake, na ya nazi kwa nyuso nyingi za chunusi ni mazito. Kwa ngozi yako wewe ni sawa, na kwa yangu ya utotoni yalikuwa sawa. Kuna mengine mepesi, kama ya mbegu za zabibu, ambayo ngozi yangu huenda ikayavumilia. Na yule dada wa duka la dawa naye alikuwa na nusu ya ukweli. Ngozi ukiikausha kupita kiasi inaudhika, inawasha, inabanduka, na dawa yenyewe inashindwa kukaa. Nilikuwa nimeupiga uso wangu pande zote mbili.

Kwa hiyo sasa naosha mara mbili tu kwa siku, kwa sabuni laini. Napaka dawa ya chunusi aliyonipa. Kisha uso ukiwa bado na unyevunyevu, naweka matone matatu ya hayo mafuta mepesi kiganjani na kugandamiza taratibu, sisugui. Wale wenye usaha nawapita kando. Kabla ya hapo alinitaka nijaribu kwanza kipande kidogo cha taya kwa siku kadhaa nione kama kitachachamaa. Hakikuchachamaa. Matone matatu, Shangazi! Wewe ungesema ni ya kupaka sikio moja.

Sijapona. Sitaki kukudanganya tena. Chunusi bado wapo kidevuni, na mmoja yuko puani amekaa kama kifungo cha koti. Daktari anasema ni miezi, si siku, na kwamba ikigoma kuna dawa nyingine. Lakini uso haukazi, na nikicheka hauumi. Chupa yako nimeitoa chini ya kitanda na nimeirudishia mifuko yake mitatu. Mafuta yake nayapaka kwenye viwiko, magoti na visigino. Usoni siwezi, lakini ukiviona visigino vyangu utajua vina wenyewe.

Tone la kwanza la yale mafuta mepesi bado nalipeleka kwenye kishimo, kwa kidole cha mwisho. Hilo daktari hakulisema, na sikumuuliza.

Mama Ngazi alinitembelea Jumapili iliyopita. Ile sahani ya pili niliibandua karatasi, ikabaki na gundi mgongoni ambayo haitoki kwa sabuni. Alikaa kama nusu saa, alikuwa na wanawe wanamsubiri. Alipoondoka niliziosha sahani zote mbili nikaziegemeza pamoja, na chumba kikawa kimya kuliko kabla hajaja. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu wewe ukiniuliza habari unataka habari.

Sasa kuhusu picha. Juzi nilimwambia mzee nataka picha ya pasipoti, ila kubwa. Akauliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia ni ya shangazi yangu. Akanikalisha kwenye kile kiti ambacho kwa miaka miwili nimewakalisha watu na sijawahi kukikalia mbele ya taa, akatoka nyuma ya kamera, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akainua. Mzee ana mikono ya baridi. Akaniambia nimeze mate nitulie.

Nilipoifungua kwenye kompyuta sikuigusa. Niliwatazama chunusi mmoja mmoja, na yule wa puani, na weusi wa chini ya macho, na mkono ulikuwa juu ya kipanya unawasha, Shangazi, kama enzi za tetekuwanga. Ningekuwa na soksi ningevaa. Nikaichapa ilivyo. Kwenye karatasi isiyong'aa, ili mwanga wa dirisha usikupige jichoni.

Imo ndani ya bahasha hii, katikati ya makadi mawili magumu. Nimeituma mapema ili ikuwahi kabla ya tarehe kumi na tisa. Likizo wamenipa Desemba na si kabla. Nimeomba, nimekataliwa, nimeomba tena. Kwa hiyo siku hiyo nitakuwa hapa nashika videvu vya watu na moyo uko kwako. Kinyozi, mkitoka tu nipigie, hata kama habari ni mbaya. Na unipigie kwa kamera. Imefufuka.

Nisalimie mke wa Kinyozi, na umwambie deni la kunisuka bado analo. Nisalimie wale mabinti wawili unaowafundisha kushona, na yule anayekutungia uzi kwenye sindano umshukuru kwa niaba yangu, maana kazi hiyo ilikuwa yangu. Nisalimie jirani mwalimu. Hata yule paka mwizi msalimie.

Mungu aiongoze mikono ya daktari wako. Akupe nuru ya kutosha, hata kama ni ya jicho moja, na asipokupa nuru akupe subira, nami Desemba nitakuja kuketi mbele yako unikague kwa vidole, shavu hadi shavu, mpaka uridhike.

Jambo la mwisho. Nilipoishika ile picha mkononi niliona kishimo kimetoka kivuli tu, kitu cha kuonwa kwa macho. Na karatasi ni laini kote. Nikachukua kalamu iliyokwisha wino, nikaiweka picha juu ya taulo lililokunjwa, nikabonyeza shavu la kushoto mara moja, polepole. Sikutoboa. Ukipitisha kidole utakipata.

Kinyozi, mpe mama yako picha mkononi. Usimwelekeze. Mwache atafute mwenyewe.

Wako akupendaye, ambaye leo ametoka nyumbani amepaka mafuta,

Kishimo